Kompyuta Zilizofundisha Uingereza

Mwaka 1951, kituo cha utafiti wa nishati ya nyuklia cha Harwell, kusini mwa mji wa Oxford, kilianza kutumia kompyuta iliyoundwa na wahandisi wake wenyewe. Ilikuwa na uzito wa tani 2.5, na namba zake zilihifadhiwa katika vali 828 za gesi ziitwazo dekatroni. Kila vali ilionyesha tarakimu yake kwa nukta ya mwanga iliyozunguka kutoka sifuri hadi tisa. Mwendo wake ulikuwa wa kobe: kuzidisha namba mbili kuliweza kuchukua sekunde kumi. Mwanahisabati Bart Fossey aliwahi kushindana nayo kwa kikokotozi cha mezani. Akaenda nayo sambamba kwa takriban nusu saa, kisha akachoka na kuondoka. Mashine ikaendelea, kwani sifa yake kubwa ilikuwa kufanya kazi saa nyingi bila msimamizi.

Ilipopitwa na wakati mwaka 1957, iliwekwa kuwa zawadi kwa chuo ambacho kingetoa hoja bora zaidi ya namna ya kuitumia. Chuo cha ufundi cha Wolverhampton kikashinda, kikaiita WITCH na kufundishia nayo hadi 1973. Ule mwendo wa kobe uligeuka faida darasani, maana mwanafunzi aliweza kusimama mbele yake na kufuata hesabu kwa macho, tarakimu kwa tarakimu. Baada ya miaka mingi ya kuwekwa stoo, ilikarabatiwa na kuwashwa tena Novemba 2012 katika Makumbusho ya Taifa ya Kompyuta, Bletchley Park. Wanafunzi wanaozuru hapo huitazama ikihesabu, kisha huketi kwenye chumba chenye kompyuta za miaka ya 1980 na kuandika programu fupi.

Kompyuta hizo ni BBC Micro, zilizotengenezwa na kampuni ya Acorn ya Cambridge na kutolewa Desemba 1981. Shirika la utangazaji la BBC lilikuwa limeandaa kipindi cha televisheni cha kuwafundisha wananchi kompyuta, likataka mashine ya kuendana nacho. Serikali ikazisaidia shule kulipa gharama. Acorn ilitarajia kuuza mashine 12,000. Zikauzwa zaidi ya milioni moja na nusu. Ilipowashwa, BBC Micro haikuonyesha picha wala michezo. Ilimletea mtoto kioo kitupu na lugha ya BASIC, ikisubiri amri. Hata mtoto mtundu aliyetaka tu jina lake lijirudie kioo kizima alilazimika kuandika mistari miwili ya programu.

Baada ya BBC Micro, mlango mwingine wa kujifunzia kompyuta ulikuwa wavuti. Ulifunguliwa Uswisi, ingawa aliyeufungua, Tim Berners-Lee, ni Mwingereza. Aliwasilisha pendekezo lake katika maabara ya CERN Machi 1989, na ukurasa wa kwanza ukaanza kufanya kazi mwishoni mwa 1990. Uamuzi wenye uzito kwa shule ulikuja Aprili 1993, CERN ilipoiruhusu teknolojia hiyo itumiwe na yeyote bila malipo. Ukurasa wa HTML ni maandishi ya kawaida yaliyowekewa alama za kueleza kipi ni kichwa cha habari, kipi ni aya, kipi ni kiungo. Programu ya kuandikia iliyo rahisi kuliko zote inatosha kuutengeneza. Tena vivinjari viliruhusu msomaji kufunua msimbo wa ukurasa wowote, kwa hiyo kijana aliyevutiwa na tovuti aliweza kuona ilivyoshonwa, akanakili kipande, akabadili rangi na kujaribu tena.

Ajabu ni kwamba wakati huohuo somo la shule za England lilirudi nyuma. Chini ya jina la TEHAMA, wanafunzi wengi walitumia vipindi vyao kujifunza kuandika barua, kujaza majedwali na kupanga slaidi. Huo ni ujuzi wa ofisini. Una manufaa yake, lakini hauelezi chochote kuhusu kinachotendeka ndani ya mashine. Januari 2012 Waziri wa Elimu Michael Gove alitangaza kuufuta mtaala huo, na Septemba 2014 somo jipya la kompyuta likaanza, likiwataka hata watoto wa miaka mitano waelewe algoriti, yaani mpangilio wa hatua za kutatua tatizo.

Mwaka huohuo wa 2012 zilianzishwa klabu za Code Club, ambako watu wa kujitolea waliwafundisha watoto wa miaka 9 hadi 11 baada ya masomo. Watoto walianza na Scratch, lugha ya kupanga vipande vya rangi, kisha wakaandika kurasa za wavuti kwa HTML na CSS, lugha ya kupamba kurasa, kabla ya kuingia lugha ya programu ya Python. Kurasa hizo zilikuwa daraja zuri: mtoto aliacha kuburuta vipande, akaanza kuandika kwa mkono, na kosa lake likaonekana papo hapo kwenye kioo. Kikwazo kilichobaki ni simu. Vivinjari vyake kwa kawaida havina amri ya wazi ya kufunua msimbo, kwa hiyo mwalimu wa kurasa za wavuti bado anahitaji kompyuta ya mezani au ya mpakato.