Gome la Mwerebi: Safari ya Dawa ya Maumivu

Leo tunaangalia historia ya dawa iliyotoka mtini, nayo ina funzo kwa kila mama na mlezi.

Kando ya mito ya Ulaya humea mti uitwao mwerebi. Mwaka 1763 kasisi Mwingereza, Edward Stone, aliiandikia Royal Society ya London. Alikuwa ameonja gome lake, akaliona chungu kama gome la mkwinini. Alilikausha, akalisaga, akawapa watu wapatao 50 waliokuwa na homa. Alianza na kipimo kidogo, kisha akaongeza polepole huku akiangalia matokeo.

Mwaka 1828 Johann Buchner wa Ujerumani alitenga kiini cha gome hilo, yaani salisini. Mwaka 1876 Daktari Thomas Maclagan wa Scotland aliripoti kuwa kiini hicho kilipunguza homa na maumivu ya viungo. Lakini dawa za jamii hiyo ziliwachoma wengi tumbo. Mwaka 1897 wanakemia wa kampuni ya Bayer walitengeneza namna nyingine, na mwaka 1899 ikapewa jina Aspirin. Ni mwaka 1971 tu ambapo John Vane alieleza inavyofanya kazi: huzuia mwili kutengeneza kemikali ziletazo maumivu, joto na uvimbe.

Je, upimaji uliishia hapo? La. Mwaka 1963 Daktari Douglas Reye wa Australia alieleza ugonjwa adimu unaodhuru ubongo na ini la mtoto. Katika miaka ya 1980, utafiti Marekani ulionyesha kuwa unahusiana na aspirini inayopewa watoto wenye mafua makali au tetekuwanga. Ndiyo maana mtoto hapewi aspirini ila kwa agizo la daktari.

Mama, babu zetu walijua miti mingi. Lakini uchungu wa dawa si kipimo chake, na kinachomfaa mtu mzima huenda kikamdhuru mtoto. Mwanao akipata homa, mpeleke kituo cha afya apimwe malaria. Ikiwa umempa mitishamba, mwambie mhudumu bila kuona haya. Atakayejua alichokunywa mtoto ndiye atakayemtibu vyema.