Ubuyu, "chakula kipya" cha mwaka 2008

Mwezi Juni mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliruhusu unga wa ubuyu uuzwe katika nchi wanachama kama chakula kipya. Neno "kipya" lilikuwa la kisheria tu: kila chakula ambacho hakikuliwa kwa wingi Ulaya kabla ya tarehe 15 Mei 1997 lazima kiombewe kibali. Hata hivyo, mtoto wa Unguja aliyewahi kurudi nyumbani na ulimi mwekundu kwa ubuyu wa shilingi mia angecheka.

Wafanyabiashara wa Cairo wa zamani wangecheka zaidi. Kuanzia mwaka 1580 hadi 1584 tabibu Mwitalia, Prospero Alpini, aliishi mjini humo, akakuta tunda likiitwa bahobab. Mbuyu si mti wa Misri. Tunda lilipandishwa kutoka kusini, akaambiwa ni la Ethiopia. Kitabu chake cha mimea ya Misri kilipotoka mwaka 1592, kilieleza kuwa watu wa Cairo walitumia unga wake mkavu kutibu homa na kuhara. Inadhaniwa jina hilo lina asili ya Kiarabu, kwa maana ya tunda lenye mbegu nyingi. Aliyewahi kumumunya ubuyu hatabisha.

Safari ndefu kama hiyo embe lisingeiweza. Buyu hukaukia mtini: gamba likiwa zima, nyama ya ndani hupoteza maji na kuwa chengachenga nyeupe zilizoshikana na kokwa. Halihitaji kuanikwa wala jokofu. Kwa hiyo Ulaya iliujua unga kabla ya kuujua mti vizuri. Mfaransa Michel Adanson alifika Senegal mwaka 1749 na kuuchunguza mbuyu wenyewe. Mwaka 1759 mwanabotania Linnaeus akauita Adansonia digitata, jina la pili likitokana na majani yaliyopangika kama vidole vya mkono.

Ukavu huohuo ndio unaovuruga hesabu za wauzaji wa leo. Utasikia ubuyu una vitamini C mara sita ya chungwa. Vipimo vingi vya gramu 100 za unga huangukia kati ya miligramu 150 na 500, tofauti kubwa inayotokana na mti, udongo, umri wa unga na namna ulivyohifadhiwa. Chungwa lina takriban miligramu 50. Lakini sehemu kubwa ya chungwa ni maji, na hakuna anayekula gramu 100 za ubuyu mkavu kwa mkupuo. Kijiko kikubwa cha gramu 10 hukupa miligramu 15 hadi 50. Si haba, ila muujiza haumo.

Mimi ningeusifu kwa mengine. Gramu 100 zina kalisi ya miligramu 300 hivi, potasiamu inayopita miligramu 1,000, na magnesiamu ya kutosha. Karibu nusu ya unga ni nyuzinyuzi, zikiwemo pektini zinazoipa juisi ya ubuyu uzito wake. Uchachu unatokana na asidi, hasa ya sitriki na ya tartari. Protini na mafuta ni kidogo sana. Hivyo vimo ndani ya kokwa, zile tunazotema. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hawazitupi zote: hutwanga kokwa pamoja na ubuyu wake, wakapata unga wenye faida ya kokwa na ya ubuyu pia. Kibali cha Ulaya cha mwaka 2008 kilihusu unga wa nyama ya tunda peke yake.

Ubuyu mwekundu wa Zanzibar, wenye iliki na pilipili, ni mtamu na sitausema vibaya. Ila ni peremende: ukihesabu kilichomo mdomoni, sukari ndiyo iliyotangulia, na shira ya moto haiiachi vitamini C salama. Anayetaka faida ya tunda anunue ubuyu mweupe, auloweke kwa maji yasiyo ya moto, aukoroge na kuuchuja. Kama ni wa kutia kwenye uji wa mtoto, uji uipuliwe kwanza na upoe kidogo. Vitamini C ya ubuyu husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye nafaka, mradi isiungulie sufuriani.