Laikipia kwa Mgongo wa Farasi

Pundamilia hakimbii akiona farasi. Humtazama, hupunga mkia, kisha hurudi kula, hata kama mgongoni mwa farasi huyo kuna mtu mwenye kofia ngumu na miwani ya jua. Twiga naye husogea apeleleze. Hilo ndilo linalowavuta wageni Laikipia, kaskazini-magharibi mwa Mlima Kenya, kukaa juu ya tandiko siku tano au wiki nzima, wakilala leo ranchi hii na kesho ranchi ile. Mtu akishuka na kusimama kwa miguu yake mwenyewe, kundi zima hutimua vumbi.

Wengi huanzia Borana, ranchi ya ekari 32,000 kwenye ukingo wa nyanda za juu, ambako asubuhi huwa ya baridi ya kuvalia sweta ingawa ikweta imepita karibu tu, Nanyuki. Kutoka hapo njia huteremka kuelekea Lewa, ekari 62,000, ikipakana na msitu wa Ngare Ndare wenye miti mirefu na vidimbwi vya maji ya buluu. Kati ya Borana na Lewa palikuwa na uzio. Uliondolewa mwaka 2014, na tangu hapo vifaru huvuka upande huu na ule bila kujua kwamba wamebadilisha mwenyeji. Wapanda farasi vilevile.

Uhuru huo wa kupita una historia, na historia yenyewe si ya kutembeza wageni.

Kabla ya ranchi, Laikipia ilikuwa malisho ya Wamaasai. Mwaka 1904 serikali ya Kiingereza, ikitaka ardhi ya Bonde la Ufa kwa ajili ya walowezi, iliafikiana na Olonana, laibon (kiongozi wa kiroho), na wazee wenzake kwamba Wamaasai wahamie maeneo mawili: moja kusini mwa reli, jingine Laikipia. Mkataba uliahidi kwamba mpango huo ungedumu maadamu Wamaasai wapo duniani. Ulidumu miaka saba. Olonana alifariki Machi 1911, na mwezi uliofuata mkataba wa pili ukatiwa alama za vidole: Wamaasai wa Laikipia nao waende kusini. Msafara wa kwanza, watu na mifugo wakivuka Mau katika mvua na baridi, ulikwenda vibaya hata serikali yenyewe ikausimamisha.

Parsaloi ole Gilisho, kiongozi ambaye Waingereza walimwandika Legalishu, hakukata tamaa. Yeye na wenzake waliajiri mawakili na kwenda mahakamani, jambo ambalo wakoloni hawakulitazamia kutoka kwa wafugaji. Mwaka 1913 mahakama iliamua kwamba mikataba ile ilikuwa baina ya mataifa mawili, kwa hiyo haiwezi kuamuliwa na mahakama ya kawaida. Hoja ya ajabu: Wamaasai walikuwa taifa la kutosha kutia sahihi, lakini si taifa la kutosha kudai haki yao. Hadi mwisho wa mwaka huo nyanda zilikuwa zimehamwa, isipokuwa pembe kavu ya Mukogodo, kaskazini-mashariki, iliyoachiwa jamii ndogo ambazo serikali iliziita Wadorobo.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mpango wa 1919 wa kuwagawia mashamba wanajeshi wastaafu wa Kiingereza uliwaleta walowezi wengi zaidi. Familia iliyoanzisha ufugaji Lewa ilifika mwaka 1922. Sheria ya ardhi ya 1915 ilikuwa tayari imewafungulia mlango wa kukodi ardhi kwa miaka 999, muda ambao mtu huhitaji ujasiri wa pekee kuuandika kwenye karatasi.

Ila hawakujua kufuga huku. Ng'ombe wa Ulaya walikufa kwa ndigana na kwa kiangazi. Waliowaokoa ni ng'ombe wa Waborana wa kusini mwa Ethiopia, wenye nundu na ngozi legevu, waliofikishwa sokoni na wafanyabiashara Wasomali. Walowezi wakawachagua na kuwazalisha kizazi baada ya kizazi, na mwaka 1951 wakaunda chama cha wafugaji wa Boran. Leo ng'ombe huyo husafirishwa kama mbegu bora hadi nchi za nje, na anayepita kwa farasi Borana au ranchi ya Ol Pejeta atakutana naye mara nyingi kuliko simba: makundi mekundu, meupe na ya kahawia, nyuma yao wachungaji wenye fimbo na koti kubwa.

Jioni ng'ombe hufungiwa kwenye boma. Siku hizi maboma mengi ni ya vyuma vinavyohamishika, na baada ya siku chache huhamishwa. Mbolea iliyobaki huotesha nyasi tamu ambazo swala hawabanduki kwazo. Watafiti wa Mpala, kituo kilichoanzishwa mwaka 1994 ndani ya ranchi nyingine ya Laikipia, wameonyesha kwamba mabaka ya namna hiyo, yaani viwanja vya nyasi fupi katikati ya vichaka vya migunga, hudumu makumi ya miaka baada ya ng'ombe kuondoka. Ndiyo mahali ambapo kiongozi wa msafara huwaruhusu wageni waachie hatamu na kukimbia, kwa sababu hakuna miiba wala mashimo mengi ya mhanga. Samadi ya wafugaji, wa zamani na wa sasa, ndiyo iliyowalimia uwanja.

Farasi mwenyewe ni mgeni asiye na kinga. Ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi vinavyouma tangu machweo hadi alfajiri, huua wengi wa wasiochanjwa. Pundamilia hubeba virusi vyake bila kuugua, kwa hiyo yule jirani mpole wa asubuhi ndiye ghala la maradhi. Ndiyo maana farasi huchanjwa kila mwaka na huingizwa bandani kabla jua halijazama, na mwinuko wa nyanda, karibu mita 2,000 upande wa Borana, nao husaidia kwa sababu visubi havipendi baridi. Walinzi hukesha nje kwa ajili ya simba na chui.

Kazi hii yote ni ya masaisi. Huamka giza bado, hulisha, huangalia kwato moja moja, hukaza mikanda ya matandiko, na mgeni akishaondoka hupakia lori na kutangulia kambi inayofuata ili akute maji na banda tayari. Farasi wenyewe ni mchanganyiko: waliostaafu mbio za Ngong, waliochoka na polo, na wenye damu ya Kisomali na Kiethiopia, ambao huwa wadogo na wagumu zaidi. Vipeperushi vya safari hupenda kumsifu kiongozi na mandhari. Saisi hatajwi sana, ingawa ndiye anayejua farasi gani hapatani na nani.

Nyama peke yake haikutosha kuzibeba ranchi hizi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, huku ujangili ukimaliza vifaru: kutoka takriban 20,000 mwaka 1970 walibaki chini ya 400 mwishoni mwa miaka ya 1980. Lewa ilitenga ekari 5,000 kuwahifadhi mwaka 1983, na mwaka 1995 ranchi nzima ikawa hifadhi. Ol Pejeta, ekari 90,000, iliyowahi kuwa mali ya Lord Delamere, ilifuata njia hiyo kwa namna yake. Huko ndiko alikofia Sudan, dume wa mwisho wa vifaru weupe wa kaskazini, Machi 2018. Fedha za wageni, wa magari na wa farasi, zikawa sehemu ya bajeti pamoja na ng'ombe.

Si kila mtu anauona mpango huu kuwa wa haki. Agosti 2004, miaka mia moja baada ya mkataba wa kwanza, wafugaji wa Kimaasai waliingiza mifugo kwenye ranchi wakidai muda wa mkataba huo umekwisha. Polisi waliwatoa kwa nguvu, na mzee mmoja aliuawa kwa risasi. Mwaka 2017, ukame ukiwa mkali na uchaguzi ukikaribia, maelfu ya ng'ombe waliingizwa magharibi mwa Laikipia. Mmoja wa wamiliki wa ranchi ya Sosian, mtu aliyeanzisha safari za farasi zinazojulikana Kenya, alipigwa risasi na kufa alipokwenda, kwa farasi, kukagua nyumba zilizochomwa.

Ile miaka 999 nayo imepunguzwa. Katiba ya 2010 hairuhusu asiye raia kukodi ardhi zaidi ya miaka 99, na kampuni huhesabiwa kuwa raia pale tu hisa zake zote zinapomilikiwa na raia wa Kenya. Kwa familia zilizochukua uraia, hesabu hiyo haizigusi. Kwa ranchi zenye wenye hisa wa nje, saa ilianza kuhesabu Agosti 2010.