Nani Bawabu wa Habari Zetu?

Kila nyumba ina mlango, na kila mlango una mwenyewe. Lakini habari ziingiazo majumbani mwetu leo kwa njia ya simu, bawabu wake ni nani? Ili tulijibu swali hili, yafaa tuitazame tarehe ya chombo kimoja ambacho wengi hukitumia pasi na kulijua jina lake.

Katika miaka ya 1990, mtu aliyetaka habari za intaneti hakuwa na budi kuzizungukia tovuti moja moja, kama apigaye hodi nyumba kwa nyumba kuuliza kama kuna jipya. Mara nyingi hakulikuta, na wakati wake ukapotea bure. Mwezi wa Machi 1999 kampuni ya Netscape ya Marekani ikatoa utaratibu uitwao RSS. Utaratibu wenyewe ni mwepesi: tovuti huweka faili dogo lenye orodha ya makala zake mpya, kichwa cha kila makala na anwani yake. Faili hilo huitwa mlisho. Msomaji naye huwa na programu ya kusomea, akaiorodheshea milisho aitakayo mwenyewe. Programu hiyo huizungukia kwa niaba yake, na kila lililo jipya humletea.

Netscape haikudumu na kazi hiyo. Wakaishika wengine, miongoni mwao Dave Winer, na mabishano hayakukosekana. Desemba 2000 kundi moja lilitoa toleo la 1.0, na ndani yake alikuwamo kijana Aaron Swartz, umri wake miaka 14 tu. Winer akatoa toleo la 2.0 mwaka 2002. Mwaka uliofuata, haki za maandishi ya toleo hilo zikakabidhiwa kituo cha Berkman cha Chuo Kikuu cha Harvard, watu wote wakaruhusiwa kuyatumia. Basi ukawa kama kisima kilichotolewa wakfu: kila mpita njia huteka, wala hapana wa kukifunga.

Ama ndoo ya kutekea, hiyo ilikuwa na mwenyewe. Oktoba 2005 kampuni ya Google ilitoa bure programu ya kusomea, Google Reader, na watu wengi wakaiegemea. Machi 2013 ikatangaza kuwa watumiaji wamepungua, na tarehe 1 Julai ikaifunga. Wahenga walisema: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Lakini kisima hakikukauka. Waliohifadhi orodha za milisho yao walizihamishia programu nyingine, wakaendelea kusoma. Hata leo vipindi vya sauti viitwavyo podikasti husafiri kwa njia hiyo hiyo.

Walakini wengi hawakurudi. Waliiachia mitandao ya kijamii iwachagulie, na huko kampuni ndiyo ipangayo lipi litangulie, ikilipendelea lile litakalomzuia mtu asiondoke. Hapo bawabu amebadilishwa, na mwenye nyumba hana habari.

Tusidhani kuwa mlisho huchuja kweli na uwongo. La! Amfuataye mzushi ataletewa uzushi, tena bila ya kuchelewa. Faida yake ni kuwa uchaguzi hubaki mkononi mwa msomaji, na lawama pia. Basi na waketi baba na mama, waulizane: katika hizi zituingiliazo kila siku, ni zipi tulizozialika wenyewe?