Neno "Jaalala" katika Maandishi ya Kioromo

Kiswahili kina maneno kadhaa ya jambo hili, na desturi imeyagawia kazi: mapenzi na mahaba hutajwa zaidi baina ya mwanamume na mwanamke, upendo husikika zaidi kanisani. Kioromo, lugha ya Kikushi isemwayo Ethiopia na kaskazini ya Kenya, hakikufanya mgawanyo huo. Jaalala latosha kwa mchumba, kwa jamaa, na kwa Mungu. Lisichanganywe na jaala ya Kiswahili, iliyotoka katika Kiarabu. Kwa Waoromo jaala ni rafiki.

Mpenzi husema sin jaalladha, yaani "nakupenda". Kitenzi hiki kimo katika kundi ambalo mara nyingi humrudishia mtenda faida ya tendo lake: bita ni "nanunua", bitadha ni "najinunulia". Kusema kwa sababu hiyo kwamba Mworomo hupenda kwa kujitakia faida ni kuitwisha sarufi mzigo usio wake. Wawili wakipendana husema wal jaallanna, na wal hapo hufanya kazi ya -ana ya Kiswahili.

Maneno ya Kioromo yaliingia vitabuni kwa njia ya huzuni. Kamusi ya Karl Tutschek, iliyochapishwa Munich mwaka 1844, ilitokana na vinywa vya vijana waliokuwa watumwa. Onesimos Nesib naye aliibwa utotoni, akauzwa, akakombolewa Massawa mwaka 1870. Aster Ganno aliokolewa mwaka 1886 alipokuwa akipelekwa Uarabuni kuuzwa, akapelekwa shule ya Wamisionari wa Kiswidi huko Imkullu. Biblia nzima ya Kioromo, iliyotoka mwaka 1899, kwa kawaida huitwa ya Onesimos. Lakini aliyekuwa na hazina ya lugha hasa ni Aster. Onesimos alitekwa angali mtoto, na msamiati wake ulipungua ugenini. Aster alikusanya maneno yapata 15,000, pamoja na nyimbo, vitendawili na hadithi za kwao, na sehemu yake ilitiwa katika kitabu cha kusomea cha mwaka 1894. Basi mikono iliyohifadhi nyimbo ndiyo iliyosaidia kufasiri Maandiko.

Chini ya Haile Selassie Kioromo kilizuiwa shuleni na ofisini. Nyimbo hazikunyamaza: mwanzoni mwa miaka ya 1960 kikundi cha Afran Qallo, alimotokea Ali Birra, kiliimba kwa lugha hiyo mjini Dire Dawa.

Biblia ya 1899 iliandikwa kwa herufi za Kihabeshi, ambazo hazionyeshi konsonanti iliyokazwa. Mwaka 1991 zilipokubaliwa herufi za Kilatini, ziitwazo Qubee, l mbili za jaalladha zilipata nafasi katika maandishi rasmi kama zilivyokuwa zikisikika siku zote.