Syokimau na hesabu ya Machakos: Kaya zaongezeka kwa kasi kuliko watu

SIMULIZI za Wakamba zinaeleza kwamba kabla ya reli kufika Ukambani mwishoni mwa karne ya 19, nabii wa kike aliyeitwa Syokimau alitabiri kuja kwa nyoka mrefu atakayepita nchini akitoka upande mmoja wa maji hadi mwingine, pamoja na wageni waliobeba moto mifukoni.

Nyoka huyo alifika. Mnamo Novemba 2012, Rais Mwai Kibaki alifungua kituo cha garimoshi mahali panapoitwa kwa jina la nabii huyo, katika ukingo wa magharibi wa Kaunti ya Machakos. Miaka mitano baadaye, mwisho wa Mei 2017, reli ya kisasa ya SGR kutoka Mombasa nayo ilifunguliwa, na stesheni yake kuu ya Nairobi ikawa papo hapo Syokimau.

Pamoja na reli walikuja watu. Ni hesabu ya watu hao, na namna wanavyoishi, ambayo imebadilisha sura ya kaunti nzima.

Watu milioni 1.4

Sensa ya kitaifa iliyofanywa usiku wa kuamkia Agosti 25, 2019 ilionyesha kuwa Kaunti ya Machakos ilikuwa na wakazi 1,421,932. Miaka 10 awali, katika sensa ya 2009, eneo hilo lilikuwa na watu 1,098,584. Hii ina maana kwamba watu 323,348 waliongezeka katika muda wa mwongo mmoja, sawa na asilimia 29.

Katika kipindi hicho, idadi ya Wakenya wote ilipanda kutoka milioni 38.6 hadi milioni 47.6, ongezeko la asilimia 23. Machakos basi ilikua kwa kasi kuliko taifa kwa jumla.

Msongamano wa watu nao ulipanda hadi 235 kwa kila kilomita mraba. Hata hivyo, wastani huo unaficha tofauti kubwa kati ya vijiji vya nyanda kavu za Masinga na Yatta, ambako mashamba ni mapana na mvua ni haba, na mitaa ya Syokimau na Mlolongo, ambako nyumba za ghorofa zimesimama bega kwa bega.

Takwimu za jinsia pia zina jambo la kueleza. Mnamo 2009, wanawake walikuwa 555,445 na wanaume 543,139, tofauti ya zaidi ya watu 12,000. Kufikia 2019, wanawake walikuwa 711,191, wanaume 710,707 na huntha 34. Pengo kati ya wanawake na wanaume lilikuwa limepungua hadi watu 484 pekee.

Kwa miaka mingi Ukambani ilijulikana kama eneo ambalo wanaume waliliacha kwenda kutafuta kazi Nairobi na Mombasa, huku wake na wazee wakibaki kulinda boma na shamba. Kupungua kwa pengo hilo kunaafikiana na kaunti ambayo sasa inapokea watafutaji kazi, badala ya kuwatoa tu.

Maana ya kaya

Takwimu iliyo nzito zaidi, hata hivyo, si ya watu bali ya kaya.

Katika sensa, kaya si lazima iwe familia. Ni mtu mmoja au kundi la watu wanaoishi pamoja, wanaomtambua mkuu mmoja na kula chungu kimoja. Kijana anayeishi peke yake katika chumba cha kupanga ni kaya. Nyanya anayelea wajukuu saba kijijini ni kaya pia.

Tena, sensa humhesabu mtu pale alipolala usiku wa sensa, wala si pale anapopaita nyumbani. Mwanamume anayefanya kazi Athi River na kupanga chumba Mlolongo, ilhali mke na watoto wako Mwala, huhesabiwa Mlolongo. Familia yake basi huwa kaya mbili katika daftari za serikali, ingawa kwake yeye ni boma moja.

Mnamo 2009, Machakos ilikuwa na kaya 264,500. Mnamo 2019 zilikuwa 402,466. Hilo ni ongezeko la asilimia 52, ikilinganishwa na asilimia 29 ya ongezeko la watu. Kwa kila kaya mpya iliyoanzishwa, kaunti iliongeza watu wasiofika wawili na nusu.

Kwa sababu hiyo, wastani wa watu katika kaya moja ulishuka kutoka 4.2 hadi 3.5. Wastani wa kitaifa mwaka huo wa 2019 ulikuwa 3.9, nao wa Nairobi ukawa 2.9. Machakos imeanza kuufuata mkondo wa jiji lililo jirani yake.

Tofauti hii inaweza kuonekana ndogo, lakini uzito wake ni mkubwa. Kama kaya za Machakos zingebaki na ukubwa wa mwaka wa 2009, wakazi wote wa 2019 wangetosha katika kaya zipatazo 342,000. Kaya nyingine 60,000 hivi zilitokana na watu kuishi katika vikundi vidogo zaidi.

Kila mojawapo ya kaya hizo huhitaji paa, jiko, choo, umeme na maji. Mpangaji wa miji anayetazama idadi ya watu peke yake atakosea hesabu.

Mavoko yabeba nusu

Ongezeko hilo halikugawanyika sawa. Kaunti ndogo ya Athi River, ambayo ndiyo eneobunge la Mavoko na ambamo Syokimau imo, ilikuwa na wakazi takriban 139,000 mnamo 2009. Sensa ya 2019 ilihesabu 322,499.

Kwa maneno mengine, zaidi ya nusu ya watu wote walioongezeka Machakos katika mwongo huo waliongezeka Mavoko. Katika kila wakazi 100 wa kaunti, karibu 23 sasa walikuwa huko.

Sababu zake zinaonekana kwa macho. Athi River ni mji wa viwanda tangu enzi za ukoloni. Una viwanda vya saruji, Tume ya Nyama ya Kenya, na eneo la viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje, EPZ, lililotokana na sheria ya 1990. Mlolongo ulikua kando ya barabara kuu ya Mombasa kutokana na mizani ya malori.

Syokimau yenyewe ina sura tofauti. Iko takriban kilomita 20 kutoka katikati ya Nairobi, karibu na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, katika nyanda zilizokuwa za malisho. Ardhi iligawanywa ploti na kununuliwa na watu wenye mishahara ya mjini waliotaka kujenga kwao wenyewe, kisha wakafuata wenye majumba ya kupangisha.

Barabara ya Nairobi Expressway yenye urefu wa kilomita 27, inayoanzia Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa kwa umma Mei 2022 na kupunguza zaidi umbali huo kwa anayeweza kulipa ada yake.

Mkazi wa Syokimau basi aghalabu hulala Machakos, hufanya kazi Nairobi, na huenda akapiga simu nyumbani Kisii, Murang'a au Kitui.

Nyumba juu ya shaka

Ukuaji huo umekuwa na gharama. Mnamo Novemba 2011, matingatinga yalibomoa nyumba nyingi Syokimau katika ardhi ambayo serikali ilisema ni ya Halmashauri ya Viwanja vya Ndege. Wenye nyumba walisema walikuwa wamenunua ploti hizo na kwamba walikuwa na stakabadhi. Familia nyingi zilibaki nje na vyombo vyao.

Oktoba 2023, tukio kama hilo lilijirudia kwingineko Mavoko, pale nyumba zilizojengwa katika ardhi ya kampuni ya East African Portland Cement zilipobomolewa kufuatia uamuzi wa mahakama.

Matukio hayo mawili yanaonyesha upande ambao takwimu za kaya haziuonyeshi. Sensa huhesabu nyumba yenye watu. Haiulizi ikiwa hatimiliki ya ardhi iliyo chini yake itasimama mahakamani.

Maji ni suala jingine. Majumba yalitangulia mabomba, na wakazi wengi wa Syokimau hutegemea visima vya kuchimbwa na malori ya maji. Kila kaya mpya ni mteja mmoja zaidi wa kisima kilekile.

Mbunge mmoja, watu wa wawili

Katika siasa, hesabu hizi zina uzito wa moja kwa moja. Idadi ya watu ni mojawapo ya vigezo vinavyotumiwa kugawa fedha miongoni mwa kaunti 47. Ndiyo pia msingi wa mipaka ya maeneobunge.

Kifungu cha 89 cha Katiba ya 2010 kinaweka idadi ya maeneobunge kuwa 290. Ukigawanya Wakenya 47,564,296 wa sensa ya 2019 kwa idadi hiyo, kila eneobunge lingepaswa kuwa na watu takriban 164,000. Mavoko ilikuwa na karibu maradufu ya kiwango hicho.

Katiba inaruhusu tofauti ya hadi asilimia 40 kwa majiji na maeneo yenye watu wachache, na asilimia 30 kwa maeneo mengine. Hata kama Mavoko ingehesabiwa sawa na jiji, ingekuwa imevuka kiwango cha juu, ambacho ni watu wapatao 230,000. Kwa upande mwingine, Kangundo, katika kaunti iyo hiyo, ilikuwa na watu wasiofika 100,000, chini ya kiwango cha chini.

Mavoko ina mbunge mmoja na wadi nne: Athi River, Kinanie, Muthwani na Syokimau/Mulolongo. Kangundo pia ina mbunge mmoja. Kura ya mkazi wa Syokimau katika kumchagua mbunge basi ina uzito mdogo kuliko ya jirani yake wa Kangundo.

Mipaka iliyopo iliwekwa mwaka wa 2012. Katiba inataka ipitiwe upya baada ya miaka minane hadi 12, lakini muda huo uliisha Machi 2024 wakati Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, haikuwa na makamishna. Makamishna wapya waliapishwa Julai 2025.

Namna ya kuzisoma hesabu

Msomaji wa takwimu hizi anapaswa kukumbuka mambo mawili. La kwanza, ni picha ya usiku mmoja wa Agosti 2019, na ujenzi haujasimama tangu wakati huo. Sensa nchini Kenya hufanywa kila baada ya miaka 10, na ijayo inatarajiwa 2029.

La pili, wastani wa watu 3.5 kwa kaya haumaanishi kwamba familia za Machakos zimevunjika. Baadhi zimepungua kwa kuwa wazazi wanapata watoto wachache kuliko walivyopata wazazi wao. Nyingine zimegawanyika kati ya shamba na mji, zikiwa na vyungu viwili na pato moja.

Kwa serikali ya kaunti, hata hivyo, vyungu hivyo viwili ni vyoo viwili, mita mbili za maji na milango miwili ya kubishwa na karani wa sensa atakaporudi.