Jibu Analolijua kwa Lugha Asiyoimudu

Mwanafunzi wa kidato cha nne wilayani Kishapu akiulizwa kwa Kiswahili jinsi uchumi wa kikoloni ulivyochimba madini na kuyapeleka ng'ambo, hahitaji kukariri. Mwadui, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, kumo wilayani mwake. Habari za mgodi ule amezisikia nyumbani kwa Kisukuma. Lakini karatasi ya Historia huuliza kwa Kiingereza na hudai jibu kwa Kiingereza. Ndivyo zilivyo pia Jiografia na Baiolojia. Karatasi ya Kiswahili humwachia lugha aliyofundishiwa miaka saba ya shule ya msingi.

Tumelizoea jambo hili hata tukalidhania la maumbile, ilhali lina tarehe zake. Baada ya uhuru vijana wetu waliendelea kufanya mtihani wa Cambridge. Mwaka 1971 Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na Sheria Na. 21 ya 1973 ikaunda Baraza la Mitihani la Tanzania. Watungaji na wasahihishaji wakawa wetu. Lugha ya kujibia ikabaki ileile. Mwaka 1982 Tume ya Rais chini ya Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia kidato cha kwanza mwaka 1985. Serikali ikakataa. Sera ya elimu ya 2014 ilifungua mlango huo tena, na toleo lake la 2023 likaurudisha.

Katikati ya safari hiyo yakaja matokeo ya kidato cha nne ya 2012: takriban watahiniwa sita katika kila kumi walipata sifuri. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume, matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Tulibishana sana juu ya viwango vya alama, walimu na maabara, na yote hayo yalistahili mjadala. Ila anayesahihisha karatasi huijua alama nyingine: sentensi mbili za mwanzo zimenyooka kwa sababu ni za kitabu, ya tatu, ambayo ni ya mtoto mwenyewe, imevunjika. Anayevunjika pale ni Kiingereza chake, si Historia yake.

Najua hoja ya mzazi mkulima wa pamba: mwanawe akose Kiingereza, atabaki nje ya lango la mgodi. Hofu hiyo ni ya haki. Lakini kufundisha Kiingereza vizuri ni kazi moja, na kupimia Baiolojia kwa Kiingereza ni kazi nyingine.

Sasa mtaala mpya umeleta somo la lazima la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Mtoto wa Mwadui ataieleza almasi yake kwa Kiswahili katika somo hilo, kisha, akichagua pia Historia, ataieleza almasi ileile kwa Kiingereza. Ningependa wahusika watueleze ni kitu gani kilicho katika karatasi ya pili ambacho Kiswahili cha karatasi ya kwanza hakikuweza kukibeba.